Mfu Haondoki Mezani

Viroqua, Wisconsin
Jumapili, 9 Machi

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na Shangazi Signe bado anakutoa nje kutembea kabla jua la Arizona halijawa kali. Usimnunie, anafanya hivyo kwa faida yako. Mimi ni mzima, mume wangu Dale ni mzima, na paka ni mzima kupita kiasi, maana siku hizi hapiti kwenye kijimlango chake. Theluji bado imelala hadi madirisha ya ghala. Juzi nilifagia kaburi la Mama, nikamwachia lefse moja, mkate wetu mwembamba wa viazi, yenye siagi na sukari kama alivyopenda. Kabla sijafika kwenye gari ndege walishaimaliza. Najua angecheka.

Umepokea na kifurushi. Nakuomba usikifungue kwanza. Nakujua wewe, mkono wako uko kwenye mkasi tayari. Weka mkasi chini, soma hadi mwisho, ndipo ufungue.

Ninachotaka kukueleza kinahusu mchezo wako, Ngome za Kaskazini. Haya, nimelitaja. Najua jina hilo halitajwi mbele yako tangu siku ile uliyorudi nyumbani na sanduku lako la vitu vya ofisini, ukasimama kwenye baraza na buti zimejaa tope, ukatuapia mimi na Mama kwamba hutakaa kwenye meza ya mchezo tena mpaka jina lile lirudi mikononi mwako. Miaka yote hii umeshika kiapo hicho kwa ubishi wa ukoo wetu wa Tollefsrud, na mimi sijawahi kukuuliza. Leo vumilia.

Shangazi Signe akikuuliza mchezo wenyewe ni kitu gani, maana najua anasoma begani kwako, mwambie hivi: watu wanakaa mezani, mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, shujaa au mwizi au mchawi. Msimulizi anawaeleza mahali walipo, wao wanasema wanachofanya, na dadu zinaamua kama wamefaulu. Hakuna ubao, na mshindi hayuko. Ndugu yake, yaani wewe, aliubuni mchezo huo kwenye chumba kilicho chini ya jiko la mkewe, akautia kitabuni, nchi nzima ikaucheza. Kisha akatia sahihi akidhani anapata mshirika wa kumsaidia kuchapa, kumbe anapata bwana. Mshirika huyo akauza kampuni nyuma ya mgongo wake kwa Tandrow, watengeneza vichezeo wa Chicago. Jina likaenda nao, yeye wakamwonyesha mlango.

Basi, msimu uliopita wa kuwinda kulungu, Tandrow walitangaza kwamba hawatachapa tena Ngome za Kaskazini. Walisema mchezo haukui. Haukui, Baba! Nilipandwa na hasira nikamwaga kahawa. Biashara hii haijawahi kuwa na afya kama sasa. Kila mji una duka lenye meza nyuma, vijana wanacheza, na wengine wanawatazama wenzao wakicheza kwenye mtandao kama tunavyotazama mpira. Tandrow ndio walioukaba mchezo wetu. Kila baada ya miaka michache walitoa kitabu kilekile chenye jalada jipya, wakitaka watu wanunue tena. Wakaanza kutoza ada ya kila mwezi ili uucheze kwenye simu. Walipoona watu wameuchoka ulafi huo, wakasema ni mchezo uliochakaa, wakaufungia kwenye droo. Hawauchapi, na hawamruhusu mtu mwingine auchape.

Unamkumbuka Bernice Kadlec wa duka la jibini, yule ambaye mhusika wake alikuibia taji la mfalme ukakasirika kweli, mpaka Mama akakuletea maji. Alinipigia simu asubuhi ileile akauliza tunakaa tu kama maboga au tunafanya kitu. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hesabu, nifanye nini na kampuni ya Chicago. Akaniambia we Maren acha kujifanya mdogo, baba yako alianza akiwa na mashine ya taipu na mke mvumilivu.

Tukamwendea wakili, Pakou Xiong. Humjui, lakini yeye anakujua. Alijifunza mchezo wako maktabani akiwa mwanafunzi, na mpaka leo hasafiri bila dadu kwenye mkoba. Alitueleza jambo ambalo laiti mtu angekueleza wewe zamani. Namna ya kuucheza mchezo haimilikiwi na mtu. Kinachomilikiwa ni jina, picha, na maneno kama yalivyoandikwa. Tukiandika upya kwa maneno yetu wenyewe, bila kunakili hata sentensi moja, Tandrow watafoka tu. Lakini akatuonya kwamba tangu siku hiyo hakuna atakayefungua kitabu cha zamani, hata kuchungulia. Bernice akapita nyumba kwa nyumba akakusanya nakala zetu zote, akazifungia kwenye chumba baridi cha jibini, na ufunguo akauvaa shingoni. Gib Haugen alilalamika kwamba kitabu chake kitanuka jibini la miezi tisa. Bernice akamjibu kwamba chake kilikuwa kinanuka maziwa yaliyoganda tangu alipoanza kuendesha lori la maziwa, kwa hiyo anamfanyia hisani.

Tukaanza kuandika, Baba, na hapo ndipo nilipokukosa sana. Tulikuwa tunakutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, na kwa kuwa hatukuruhusiwa kuangalia kitabu, tulikuwa na njia moja tu: kukumbuka ulivyokuwa ukisema mezani. Sio ulivyoandika. Ulivyosema. Mtu mmoja anaanza kukutaja, Orrin alikuwa anafanya hivi ukianguka kutoka ukutani. Mwingine anamdakia, wewe ulikuwa umelala, alikuwa anafanya vile. Mimi naandika. Gib akawa anaiga sauti yako, kile kikohozi chako kidogo kabla hujatuua, mpaka tukawa hoi kwa kicheko. Nilicheka machozi yakanitoka, kisha nikaona machozi hayaachi, ikabidi niende kuosha vikombe.

Tulipofika kwenye kifo tukabishana. Katika vitabu vya Tandrow, mhusika wako akifa unakusanya vitu vyako, unarudi mara nyingine na mhusika mpya. Vijana wote wameujua hivyo. Gib akasimama kabisa, akasema haiwezekani, kwa Orrin mfu alikuwa haondoki mezani. Akasimulia siku ya tufani ya theluji, alipouawa na jitu la barafu mchezo ukiwa ndiyo kwanza umeanza, na barabara zimefungwa, hana pa kwenda. Akapanda jikoni akakaa amenuna mpaka Mama akamchoka. Mama akateremka ngazi na unga mikononi, akakuambia yeye hawezi kukanda na mwanamume mzima anamnunia jikoni mwake, umpe kazi. Ukampa Gib dadu nyekundu, ukamwambia hamia upande wangu, wewe sasa ndiye mazimwi. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya meza yetu: aliyekufa anahamia kwa msimulizi, anawarushia dadu mazimwi, na hakuna anayerudi nyumbani na huzuni.

Mimi sikujua ilitoka kwa Mama. Hukuniambia. Pakou akauliza kwa nini haimo kitabuni, na Bernice akasema ilikuwamo katika kitabu chako cha kwanza, Tandrow ndio walioikata. Tumeirudisha, Baba, tena tumeiweka ukurasa wa mwanzo kabisa.

Januari habari zikawafikia Chicago, wakamtuma mtu. Bwana Whitcomb, mkurugenzi wao wa michezo, alishuka kwenye gari amevaa viatu vyembamba vya ngozi kwenye theluji ya magotini, na Gib akaniuliza kwa sauti ya kusikika kama huyu amekuja kufanya biashara au kukatwa vidole. Tukamkaribisha ukumbini, tukamkausha soksi, Bernice akampa vipande vya jibini vya kukaanga. Alipofungua mkoba wake nikamwambia hapa kwetu mtu haongei mambo ya mchezo kabla hajacheza. Akadhani natania. Nikamwekea dadu mbele.

Mhusika wake alikufa mapema sana. Alifungua mlango bila kusikiliza kwanza, na wewe unajua kilichokuwa nyuma ya mlango, jitu la barafu lilelile lililomuua Gib. Muungwana wa watu akatabasamu, akasimama, akachukua koti lake, akijua yamekwisha. Bernice akamwambia kaa chini we baba, unakimbilia wapi, mfu haondoki mezani. Nikampa dadu nyekundu. Baba, ungemwona! Alivua tai. Alinguruma. Alipomuua mhusika wa Gib alipiga meza kahawa ikamwagika, na Gib, aliyekuwa anamchukia tangu asubuhi, akahamia upande wake wakawa wanapanga njama pamoja. Mwishoni akaniuliza, kwa dhati kabisa, sheria hii nzuri iko ukurasa wa ngapi kwenye kitabu chao, maana hajawahi kuiona.

Hakujua kwamba ni kampuni yake iliyoikata. Sikumcheka. Bernice alimcheka kwa niaba yetu sote.

Baada ya mchezo aliniomba tuongee peke yetu jikoni. Alichoniambia nitakisema sasa hivi, nipe nafasi nivute pumzi.

Kwanza ujue kwamba kitabu kimetoka. Tuliwaomba watu walipie kabla hakijachapwa, tukitumaini tutapata wa kutosha kumlipa mchapaji. Waliojitokeza ni wengi kuliko wakazi wote wa Viroqua, watoto na ng'ombe nikiwahesabu. Wengine wametuandikia kutoka Brazili na Ufilipino. Na ukurasa wa mwisho tumetia ahadi, Pakou ameifunga kisheria vizuri, kwamba yeyote anaweza kutunga hadithi zake kwa mchezo huu na kuziuza bila kutulipa, na kwamba sisi wala watakaotufuata hatuwezi kuiondoa ahadi hiyo. Hakuna atakayeweza kuuuza mchezo nyuma ya mgongo wa mtu tena. Nilipoishika nakala ya kwanza nilijivuna, Baba, sikufichi. Nilitembea nayo dukani nikiwa nimeiweka kifuani watu waione.

Sasa hili la jikoni. Bwana Whitcomb alikuwa na jina la kunipa. Alisema Tandrow wako tayari kukurudishia Ngome za Kaskazini, jina lenyewe, kwa sahihi na muhuri, na jina lako litarudi kwenye jalada. Nilikuona kwenye baraza na buti zako. Lakini walikuwa na sharti: tuifute ile ahadi. Kila atakayetunga hadithi aombe ruhusa na alipe, na Tandrow wachukue fungu lao milele. Nilimwomba dakika chache, nikasimama mbele ya sinki nikitazama theluji. Nilijua nikisema ndiyo, kiapo chako kimetimia na unaweza kukaa mezani. Na nilijua nikisema hapana, ninakufungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe, bila hata kukuuliza.

Nilisema hapana. Nililikataa jina lako, Baba. Nilikuwa na simu mfukoni na sikukupigia, kwa sababu niliogopa utasema ndiyo, kisha ujichukie kwa kuwafunga wengine kamba uliyofungwa wewe. Ukinikasirikia, una haki. Ila siombi msamaha, maana ningerudishwa jikoni pale ningesema vilevile.

Haya, fungua kifurushi.

Jina lililo kwenye jalada hakulitunga mtu. Tulipotafuta jina, kila mtu alikuwa anataja lilelile tulilokuwa tukisema zamani tukiwaaga watu nyumbani siku za Ijumaa baada ya kula samaki: tunakwenda Chini kwa Arlys. Ndiyo, Chini kwa Arlys. Mama yuko kwenye jalada, na wewe uko chini yake, Orrin Tollefsrud, kama ilivyokuwa nyumbani.

Kile kimfuko kidogo nilikiokota mwenyewe kwenye sanduku lako la ofisini ulilotaka kulichoma. Ni zile dadu nyekundu. Umeapa hutakaa mezani mpaka jina lirudi, na jina halirudi tena, mimi nimehakikisha. Kwa hiyo tuseme ukweli: kwenye mchezo ule ulishakufa, Baba, walikuua siku ile ya sanduku. Lakini mfu haondoki mezani. Hiyo ni sheria ya mke wako, nawe hujawahi kushinda ubishi naye.

Barabara zitakuwa wazi kufikia Aprili. Kiti kiko upande wa msimulizi, na msimulizi ni mimi. Nahitaji mtu wa kunirushia dadu za mazimwi.

Nisalimie Shangazi Signe, mwambie nampelekea jibini. Dale anakusalimu, Bernice anakusalimu, na Gib anasema ujiandae, safari hii atasikiliza mlangoni kwanza.

Mimi binti yako akupendaye,
Maren