Mwano wa Wimbo wa Sita

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Wimbo wa tano wa kaseti yangu umekwisha! Kijiji kizima cha Samuye nani mwingine ana mashine ya ngoma? Ni ya kuazima kwa Hemal wa duka la spea mjini, na kinanda na rekoda ni vyake pia, lakini gitaa ni langu. Blanketi madirishani, betri ya gari chini ya kitanda. Naogopa kila kitu — vumbi, kuku, mvua ya ghafla. Wimbo wa sita unahusu wezi wa ng'ombe. Bila mwano haumtishi mtu.

Jumanne, 4 Oktoba
Mama amekubali, baada ya kubembelezwa tangu asubuhi. Anajua sungusungu hawataniwi. Mwano ni yowe la kuita watu wezi wakiingia, basi. Ukiupiga bure unatengwa: hakuna wa kukusalimia wala kukupa moto. Kwa hiyo kaupiga kwa sauti ndogo, kichwa ndani ya blanketi, maikrofoni mdomoni. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Nikauongezea mwangwi. Mwili ulinisisimka!

Jumatano, 5 Oktoba
Nimeharibu! Nilikuwa nasikiliza wimbo wa sita, hedifoni masikioni, sauti nimefungulia hadi mwisho. Waya ukachomoka. Spika ikapokea — mwano wa mama, mtaa mzima! Nilizima, lakini filimbi zilishaanza kulia. Wanaume wakaja mbio na pinde, Kamanda Maige wa sungusungu mbele. Nani kapiga? Nikasema hata mimi nimeusikia tu. Uongo mtupu! Wamezunguka majaruba ya mpunga hadi mchana wakitafuta nyayo. Walipoondoka nikaufuta mwano kwenye kaseti. Nikajiona mjanja.

Alhamisi, 6 Oktoba
Mama kasalimia watu watatu njiani. Wote wamepita kimya.

Ijumaa, 7 Oktoba
Sasa nimeelewa. Kaniambia jirani yetu Martina, akiwa upande wa pili wa ua wa minyaa — hakutaka kuingia. Juzi mwano ulipolia, mama alikuwa kisimani na Martina na wanawake wengine, ndoo kichwani, mdomo kaufunga. Na wote wanaijua sauti yake. Mtu mmoja, sehemu mbili! Wanasema ni mchawi, ndiyo maana macho yake mekundu. Ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe, Mungu wangu! Nani hapa hapikii kinyesi? Mwaka jana ng'ambo ya mto bibi mmoja alikatwa mapanga kwa macho kama hayo.

Mama ananawa macho kwa chai iliyopoa. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumamosi, 8 Oktoba
Nimekwenda kukiri kwa Kamanda Maige. Shikamoo yangu alichelewa kuiitikia. Nikasema ni mimi, ni mashine, nitengeni mimi. Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Boaz, unamfichia mama yako. Mashine yako tunaijua, inapiga ngoma na kinanda. Ile ilikuwa sauti ya mtu."

Nikaapa. Akasema haya, kesho watu wakitoka kanisani niilete mbele ya wote, iseme tena. Wakisikia wenyewe, yataisha. Nikamshukuru, nikashukuru tena, nusura nipige magoti. Nimefika barabarani ndipo nikakumbuka kwamba nimeufuta!

Jumapili, 9 Oktoba
Ibada imeanza bila sisi. Nimemketisha mama pale pale, blanketi lile lile. Namwomba: mayu, mama yangu, kidogo tu, kama Jumanne. Ananiambia Jumanne alikuwa anacheza na mwanawe. Leo akifungua mdomo utatoka mwano wa kweli, na watu watakuja.

Nimebonyeza kurekodi hivyo hivyo. Dakika ya nne sasa, naandika kaseti ikizunguka. Kule kanisani wameanza wimbo wa kutokea. Kwenye hedifoni namsikia mama anavuta pumzi, anaishikilia, anaiachia. Anavuta tena —