Viti Vilivyokuja Mapema

Jumatatu, 3 Machi

Nimehamia kwa dada, mimi na cherehani yangu. Shemeji aliipakia mwenyewe kwenye teksi.

Meneja, binti wa dada, ametoka hospitali leo. Ana miaka minane na amri za mtu wa hamsini, ndiyo maana tukampa jina hilo. Saratani ya damu. Haya, nimeandika. Bado siamini. Juzijuzi tu alikuwa ananisumbua nimshonee gauni lenye mifuko minne!

Daktari alituweka chini, mimi na dada. Dawa zimeshusha kinga ya mwili karibu yote. Wiki mbili hizi asiingie mgeni ndani. Mafua ya mtu mwingine tu yanaweza kumwua. Alisema hivyo hivyo — kumwua — huku anafunika kalamu yake. Na joto likipita thelathini na nane tusingoje chochote, tumpeleke saa hiyo hiyo.

Dada aliitikia kila neno. Ndiyo daktari. Ndiyo daktari.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kidogo kununua uzi, narudi nakuta viatu mlangoni, hata pa kukanyaga hakuna. Wageni, chumbani kwa mtoto! Majirani, watu wa kazini kwa shemeji, na mmoja anapiga chafya kwenye kiganja kisha kwa kiganja kile kile anampapasa Meneja kichwani. Dada anagawa chai.

Nikamvuta jikoni. Nikamwuliza kama masikio aliyasahau hospitali. Akaanza kulia.

"Mtu kaacha shughuli zake kaja kumwona mwanangu. Nimfukuze kwa mdomo upi?"

Ni kweli, dada yangu hajui kukataa. Tulipokuwa wadogo nilikuwa nakula changu na chake, na yeye anatazama tu. Basi. Mdomo wa kufukuza ninao mimi. Kesho cherehani inahamia uani, mbele ya geti.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kwanza ya ubawabu. Nashona, nasimama, nafukuza, nakaa tena. Kila mtu namweleza vizuri: kinga imeshuka, tunashukuru, njooni baada ya wiki mbili, hata homa ndogo ya kwenu kwake ni balaa. Wanaitikia huku wanachungulia juu ya bega langu. Mmoja kaniuliza tunaficha nini. Mwingine kasema hajawahi kusikia ugonjwa usiotaka pole.

Meneja ananiona kwenye dirisha lake, kioo kimefungwa. Ananipa maksi kwa vidole. Leo nimepata saba. Nilikuwa mpole mno kwa mwalimu wake, anasema.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe wa dada amekuja. Kasafiri kutwa nzima kwa basi, na kikohozi chake. Nilikisikia kikohozi kabla sijamwona mwenyewe.

Nikamkalisha kwenye kiti changu. Nikampa maji. Nikamweleza kuliko nilivyowahi kumweleza mtu, nikamwambia atamwona mjukuu wake dirishani, wataongea kwa simu. Akasimama.

"Baba yake nimemzaa mimi. Leo mwanawe nimtazame kama bidhaa ya dukani?"

Shemeji yuko kazini. Dada kajifungia chooni. Bibi akaondoka analia kwa sauti mpaka barabarani, watu wakatoka majumbani. Kila aliyemwuliza kuna nini hakujibiwa. Alipunga mkono tu na kuingia kwenye teksi.

Mama wa watu! Shemeji karudi, kasimuliwa. Kala amesimama.

Jumapili, 9 Machi

Mapazia yamefungwa mchana kutwa, mwanga unamwumiza Meneja macho. Jana hakuja mtu. Leo pia hakuna. Hatimaye wameelewa! Nimeshona shati zima bila kuinuka.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika mbio mbio. Nikishindwa kuusoma mwandiko huu baadaye, shauri yangu.

Asubuhi nilifungua geti kutoa taka. Nje kuna gari la mizigo limejaa viti vya plastiki. Wanaume wanashusha. Nyuma yao akina mama, vichwa vimefunikwa, masufuria mikononi. Kijana mmoja anafunga kamba ya turubai kwenye ukuta wetu. Nikajua jirani kafiwa. Nikaanza kutoa pole — mimi! Nikamwuliza yule mwalimu, aliyekuwa anafuta macho, ni nani aliyefariki.

Akanikumbatia.

"Pole, mama mdogo. Msijifungie peke yenu. Tumekuja tumzike pamoja."

Sikumwelewa. Ilibidi aniambie tena. Walimwona bibi akilia barabarani. Waliona mapazia. Walinikumbuka mimi hapa getini, siruhusu hata jicho lipite. Wakajumlisha. Jana walikaa kikao, wakagawana kazi, wakakodi viti. Kwa mapenzi! Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ubaya, na hilo ndilo linalonimaliza.

Nilinyoosha kidole tu kuelekea dirishani.

Pazia lilikuwa wazi. Meneja amesimama pale na kipara chake, anatutazama.

Mama mmoja aliweka sufuria chini, na wengine wakaweka. Mwalimu akakaa kwenye mchanga.

Nikakimbilia ndani. Nilitaka kumdanganya. Nilishaandaa uongo wa harusi, viti ni vya harusi. Lakini yule si mtoto wa kudanganywa.

"Mamdogo, wananililia mimi?"

Nikasema ndiyo. Wamekosea, nikasema. Akagusa kioo.

"Waambie bado."

Nikamshika mkono nimtoe dirishani. Mkono wa moto. Kipimajoto — thelathini na nane na nusu.

Sikumbuki nilivyompigia kelele dada. Shemeji alishatoka kwenda kazini, teksi hazipokei simu. Mwenye gari la viti hakungoja kuombwa. Wanaume waliobaki juu ya gari walivirusha viti chini kama kuni. Na akina mama — sijui nani aliwaambia — walijibana wote kwenye ukuta wa mbali, wakaziba pua na midomo kwa mitandio, ili mtoto apite. Maneno yangu ya getini waliyasikia, kumbe. Dada alimpakata Meneja kiti cha mbele. Akawapungia mkono, Meneja. Hawakujua wapunge au wafanye nini.

Gari likaondoka.

Sasa ni mchana. Dada hajapiga. Nikipiga mimi, hapokei. Shemeji kaenda hospitali moja kwa moja kutoka kazini. Na hawa hawajaondoka! Hakuna aliyewaambia wakae, hakuna anayejua atoke vipi. Mwalimu ameosha vyombo vyetu vyote na kufua mashuka ya Meneja. Mwingine kanimalizia vifungo vya shati. Kuna jirani mmoja mnene, ndiye aliyesimamia kukodi viti, nikamfuata. Nikamwambia asante sana, sasa virudishwe. Aliangalia chini.

"Tuviache kwanza, mama. Tusikie simu."

Nilitaka kumtukana. Matusi ninayo ya kutosha mtaa huu na wa pili. Nilifungua mdomo na sikupata hata moja, kwa sababu nami nilikuwa nimewaza hivyo hivyo, na Mungu anisamehe.

Nimevuta kiti kimoja, nimekaa nao. Simu iko pajani.