Mchungwa Ndani ya Ukuta

Scauri, Pantelleria
3 Mei 1994

Dada Ninfa,

Habari za Torino, na kifua chako je? Sisi huku kisiwani ni wazima, ila upepo haujatuacha kwa siku kumi na tisa. Nimezihesabu.

Nina shauri. Nyumba zangu za kupangisha sasa ni sita. Zote nimezijenga kwa mikono hii, jiwe jeusi juu ya jiwe jeusi, mpaka kuba za paa. Wageni wanashuka bandarini weupe kama jibini, wanajipaka matope ya moto ziwani, wanakula samaki kule ufukweni Gadir, halafu wananiuliza: "Bwana Liborio, mnara ule usio na paa ni wa nini?" Nawaambia si mnara, ni ukuta wa kukinga mchungwa mmoja na upepo. Hawaamini. Wanataka kuuona, lakini ule mlango wa kuinama wanauogopa. Nataka kubomoa mita mbili upande wa bahari, niweke benchi.

Baba aliniachia nyumba. Mti akakuachia wewe uliyeondoka. Miaka ishirini na saba sijauliza kwa nini. Leo naomba ruhusa tu.

Nduguyo,
Liborio

Torino
20 Mei 1994

Mdogo wangu Liborio,

Nimefurahi kusikia u mzima. Hata ukinung'unika nafurahi, maana ndipo najua ni wewe. Kifua kimetulia.

Usibomoe. Unakumbuka mama alivyokuwa akituingiza mle upepo ukizidi? Kisiwa kizima tulisemezana kwa kupiga kelele, ila mle tulinong'ona. Mwanga ulikuwa wa kijani, kama tumekaa chini ya maji. Huku, usingizi ukinikimbia, nafumba macho, nainama, naingia, nanusa maua. Nalala. Ukitoboa ukuta, nitalala wapi?

Dada yako,
Ninfa

Torino
11 Oktoba 1994

Mdogo wangu,

Hujambo? Miezi mitano kimya. Siku hizi nikiingia mle nakuta upepo. Majani yananipita usoni kama ndege wadogo. Niambie naota uongo.

Dada yako

Scauri
30 Oktoba 1994

Dada,

Afya ipo. Uso wa kukuandikia ndio sina.

Huoti uongo. Nilibomoa Juni, mita mbili na robo. Wageni walikaa kwenye benchi wakitazama jua linavyozama upande wa Tunisia, wakasema hawajaona mahali kama hapa. Septemba upepo wa kaskazini-magharibi ukavuma siku kumi na moja. Siku ya nane nilihesabu majani yaliyobaki: arobaini na matatu.

Nimeujenga upya, mawe mia nne na kumi na mawili. Mgeni mmoja alinitania: "Mzee, unamjengea nani kaburi?" Nikamwambia, "Sogea, umekalia jiwe langu."

Sasa nauliza kweli: kwa nini Baba alikupa wewe mti? Mimi ndiye niliyekuwa nikiukata matawi.

Liborio

Torino
15 Novemba 1994

Liborio, ndugu yangu,

Natumai mikono imepona majeraha ya mawe.

Baba aliniandikia kabla hajafa: "Liborio yupo tu, hatuna wasiwasi naye. Wewe ndiye unayehitaji kitu cha kukurudisha nyumbani." Sikukuambia, kwa sababu sikurudi. Niliona aibu.

Sasa sifumbi macho. Naogopa nitakachokikuta.

Dada yako

Scauri
9 Februari 1997

Dada Ninfa,

Salamu baada ya miaka miwili na ushei. Mimi mzima, goti moja ndilo linalonidai.

Kwa hiyo mimi ni wa kuwepo tu. Barua yako niliitia mfukoni, nikakasirika mwaka mzima. Nilikuwa naingia mle ndani ya ukuta kukasirikia, kwa sababu ndipo penye utulivu. Mwaka wa pili nikazoea kukaa. Ulisema kweli: mwanga ni wa kijani. Nilisahau.

Mti umezaa machungwa matatu. Kwa mujibu wa karatasi za urithi ni yako, sikuyagusa. Moja lilidondoka lenyewe. Hilo nimelila, usiniulize.

Yamebaki mawili, na hayatavuka Machi. Meli kutoka Trapani inafika hapa alfajiri. Mlango nimeuacha mfupi vilevile. Utainama kama wote.

Nduguyo aliyepo,
Liborio