Zana ya Kulipia na Mtandao wa Ng'ambo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimebishana na Modesta asubuhi nzima — na nimeshinda. Kwa hoja, angalau. Programu ya kupokelea korosho za kikundi cha wakulima wa Kitaya tunaiandika sisi wawili tangu tuhitimu chuo. Yeye anataka tuendelee na zana ya bure ya kuandikia programu. Mimi nataka ya kulipia, inayokamata kosa kabla hujamaliza kulifanya. Kazi ya watu wazima ifanywe kwa zana ya watu wazima! Akauliza kama tutailipia hata mwezi usio na kazi. Nikamtajia wanauchumi watatu. Akasema basi niwaombe hao watatu wanichangie.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimelipa. Ada ya mwezi inakaribia kodi ya chumba hiki cha Ufukoni. Ile ya bure nimeifuta kabisa kwenye kompyuta, nisije nikashawishika.

Modesta amerudi kwao Nanyamba. Anasema hawezi kufanya kazi na mtu anayemsahihisha hata anapopumua. Sentensi nzuri, lazima nikiri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zana imekamata makosa manne, yote ya kweli. Nikageuka kusema, "Unaona!" Kiti kitupu.

Jioni Goodluck, jirani yangu anayefanya kazi bandarini, alibisha hodi. Kulikoni, mbona siku hizi hasikii kelele za ubishi wetu — naumwa? Nikamwambia nina kazi nyingi. Akaenda zake. Nilitamani aingie.

Jumatatu, 13 Oktoba. Kitaya, ghalani

Aibu!

Ng'ambo ya Mto Ruvuma ni Msumbiji, na simu hapa hunasa minara ya kule bila kuomba ruhusa. Wenyeji huchagua wenyewe mtandao wa upande huu kwenye simu, mimi sikuchagua. Nikaunganisha kompyuta kwa intaneti ya simu mbele ya kikundi kizima, nirekebishe makato ya uzito wa gunia tupu yaliyokuwa yanagoma. Zana ikaona mwenye akaunti yuko nchi nyingine. Ikajifunga — siku nzima, kwa usalama wangu! Bila zana siwezi kuirekebisha programu. Kuipakua ile ya bure? Intaneti hapa inatambaa.

"Karibu Msumbiji, kaka!" mmoja akapaza sauti. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mama Ermelinda, mwenyekiti wao, hakucheka. Korosho zinaanza kupokelewa kesho. Programu isipokuwa tayari leo, wanarudi kwenye karatasi, na mimi nisihangaike kurudi.

Nimempigia Modesta. Nilikuwa nimeandaa utangulizi wenye hoja. Nikasema tu, "Njoo."

Baadaye, hapo hapo

Amekuja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, kompyuta ameifunga kwenye khanga. "Shikamoo, msomi." Watu wakacheka tena. Tangu hapo hajanisemesha. Amefungua zana yake ya bure, amehangaika, amefuta, ameandika upya. Nimeona kosa moja mstari wa juu. Nimenyamaza. Amelikuta mwenyewe.

Makato yametoka sawasawa! Makofi. Si yangu.

Sasa Mama Ermelinda anataka namba ya simu ionekane kwenye programu, wakikwama msimu huu wajue pa kupiga.

Modesta ameandika yake. Amesita.

"Mama anauliza namba," anasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Niweke moja au mbili?"

Vidole vyake viko juu ya vitufe. Nami nimeinama hapa pembeni, naandika, kana kwamba ameulizwa mtu mwingine —