Shemeji, Boila Lako Halitoi Moshi Tena

Shemeji Ramadhani,

Kama huko uliko kuna mtu anayeulizia habari za Kilosa, mwambie moja kwa moja kwamba Kilosa siku hizi ni mimi. Kuanzia stesheni mpaka Mikumi, ukimtaja Omari mtu anaacha alichokishika anauliza, Omari yupi, yule wa boila? Ndiyo, yule wa boila. Wenye nyumba za wageni kule Mikumi wananipigia mpaka simu inaisha chaji. Juzi alikuja mzungu mmoja, mhandisi, akalizunguka boila mara tatu, akavua kofia akaishika kifuani. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nilifika darasa la nne, mwalimu akasema elimu iliyokuwepo nimeimaliza.

Najua ungekuwepo ungesema, "Msagara, shusha kidogo." Haya, nashusha. Mzungu alizunguka mara moja. Kofia hakuwa nayo.

Nakuandikia kwa sababu arobaini yako imepita na kuna mambo hukuyaona. Mengine ni bora uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mkeo siku mtakapoonana, maana dada yangu akisimulia, vipande vyangu vizuri anaviruka.

Nianze na siku tuliyokuzika. Mimi Msagara, wewe Mnyamwezi, watani tangu mababu zako walipopita hapa na mizigo kichwani. Halafu ukaongeza kosa la kumwoa dada yangu. Kwa hiyo kazi yangu msibani niliijua. Jeneza lilipoinuliwa nikalala mbele yake, katikati ya njia, nimekumbatia ile feni ya gari bovu uliyoitundika karakana. Nikasema hapiti mtu. "Mnyamwezi huyu ameacha boila nusu kule Mikumi, sasa anakimbilia udongoni kujificha. Atoke alimalize kwanza." Waliokuwa wanalia wakacheka, waliokuwa wanacheka wakalia. Dada yangu Mwanaidi nilimsikia ndani, akifanya yote mawili kwa pumzi moja. Ndivyo inavyotakiwa. Wakaniletea kuku wa kunitoa njiani, nikamkataa, nikataka jogoo. Hapo mzee mmoja wa kwenu akanichokoza: haya, wewe uliyelala hapo, nani atalimaliza?

Nikasema, "Mimi. Kabla ya arobaini."

Ulikuwa utani, shemeji. Watu wote walijua ni utani isipokuwa mmoja. Sista Neema, yule muuguzi wa wodi ya wazazi ya Mikumi, alikuwa amekuja msibani, amekaa na wanawake. Kwao hawana mambo haya ya kulala mbele ya jeneza. Tuliporudi kutoka makaburini alinifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante baba. Nilidhani ndiyo basi tena."

Ningemwambiaje?

Maana unajua kilichokuwa kinangojwa. Mama anajifungua, halafu ndugu zake wanahangaika nyuma ya wodi na mafiga matatu kumchemshia maji, na kuni zenyewe kule, hifadhi iko pale, huwezi kuingia na panga ukajikatia. Kamati ya kituo cha afya ilishachoka. Walisema ikifika arobaini yako na maji ya moto hakuna, chuma kikatwe kiuzwe chakavu na kile kibanda kiwe stoo. Kazi yako yote, shemeji, iende kwa kilo.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulichora kwa chaki sakafuni, pale karakana karibu na reli, ukakataza mtu asikanyage. Wiki nzima tukawa tunaliruka boila kwenda kuchukua nyundo. Ulisema babu yako alikuwa akichochea kuni kwenye garimoshi, na alichokisimulia zaidi hakikuwa mwendo wa treni, ni ule moshi mweusi uliochafua nguo za watu zilizoanikwa. Ukaniambia, "Shemeji, moshi ni kuni zinazotoroka. Mimi nataka kuzikamata mlangoni." Nikakujibu kwamba babu yangu mimi ndiye aliyewafundisha Wajerumani kuwasha kiberiti. Ukaendelea kuchora.

Sikusikiliza vizuri. Nilishika yale makubwa. Chini kuna tumbo la kuni, nimelikandika mwenyewe kwa udongo wa kichuguu na pumba za mpunga ili joto lisipotee. Juu yake tangi, na ndani ya tangi mabomba, moto upite humo uyaachie maji joto lake kabla haujatokea juu kwenye dohani, lile bomba la moshi. Feni inasukuma hewa, bomba la hewa linagawanyika, tawi moja linaingia chini ya kuni. Hilo hata mhunzi wa majembe analielewa. Tawi la pili lilizunguka shingo ya lile tumbo, juu ya moto, na kwa ndani lina vitundu vidogo vidogo. Hilo sikukuuliza. Nilikuwa nangoja mtu mwingine akuulize ili nami nisikie. Na siku mlipolijaribu nyuma ya nyumba, tumbo tupu bila tangi, mimi nilikuwa Dumila kwenye vitunguu.

Basi nikabaki nalo peke yangu. Tangi nikaliunganisha, dohani nikaisimamisha, na nitakuambia bila aibu kwamba ilinyooka kuliko mnara wa simu. Siku ya mwisho nikaingiza kichwa na tochi kukagua, ndipo nikaviona vile vitundu. Vimelala upande, kama mahindi yaliyopitiwa na upepo.

Nikakaa chini. Nilikumbuka kwamba siku ulizokuwa ukivitoboa ndizo siku mikono yako ilipoanza kutetemeka, chai ukiinywa kikombe umekishika kwa mikono miwili. Nikasema, ugonjwa umemharibia fundi kazi yake ya mwisho. Na huyu mtu hajawahi kutoa kazi iliyopinda, hata bawaba ya mlango wa choo. Atakuja fundi mwingine achungulie humu, aseme kumbe Ramadhani alikuwa hivi? Nikachanganya udongo wa kichuguu nikaviziba vyote, kimoja baada ya kingine, kwa kidole hiki ninachoshikia kalamu. Nikalainisha kwa maji mpaka pakawa kama hapakuwahi kutobolewa. Nilikuwa nalia, shemeji, nakuambia wewe kwa kuwa huwezi kumwambia mtu. Niliona nakusitiri.

Halafu nikawasha.

Ule haukuwa moshi. Ulitokea mlangoni, ukatokea kwenye maungio, ukaingia wodini, wazazi wakatolewa na vichanga vyao wakakaa kwenye majani. Watu wa hifadhi walipiga simu kuuliza pori gani linaungua, na hapa siongezi chumvi hata punje. Maji yenyewe hata kuku usingemnyonyolea. Nikasema kuni ni mbichi. Nikatafuta mabaki ya mbao za misaji, makavu yanalia kama kengele, moshi uleule. Nikasema feni haina nguvu, nikabadilisha betri, ikapuliza mpaka majivu yakaniingia masikioni, moshi ukazidi. Nikasema ni upepo wa milimani. Mara tatu nilisema na mara tatu wazazi walitolewa nje. Mara ya tatu Sista Neema hakupaza sauti. Alisema taratibu tu, "Baba, zimebaki siku tisa. Na hawa siwezi kuwatoa tena."

Nikarudi Kilosa kumjulia hali Mwanaidi. Yuko eda, hatoki, ila mimi ndugu yake naingia. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu kinakwenda vizuri, nimeshaanza hata ile habari ya mzungu, ingawa mzungu mwenyewe alikuwa bado hajafika. Akaniambia nyamaza, sogea. Akashika kola ya shati langu akainusa. Akauliza shati hili nilivaa wapi. Nikasema Mikumi, kwenye boila.

Akainusa mara ya pili. Kisha akasema, "Mwenzangu akitoka kulijaribu mimi ndiye niliyefua nguo zake. Zilinuka chuma na jasho. Moshi sijaunusa hata siku moja. Umefanya nini, Omari?"

Shemeji, unanijua. Mimi sijawahi kuulizwa swali nikakosa jibu. Siku hiyo nilifungua mdomo, ukatoka ukweli mtupu. Nikamwambia. Vile vitundu vilikuwa vimepinda, nikaviziba.

Akafunika uso kwa mtandio wake mweupe, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu ndipo akalia kweli. Akasema siku zote ulizotoboa yeye ndiye aliyekushikia tochi. Ulimweleza kwamba vitundu lazima vilale upande mmoja vyote, ili hewa iingie ikizunguka, iuzungushe moshi juu ya moto mpaka uungue, kama maji ya mto Mkondoa yanavyolizungusha jani kwenye kona. Mikono ilitetemeka, ndiyo. Kwa hiyo kila kitundu ulikipima mara tatu, naye akakushika kiwiko.

"Hakuna hata kimoja kilichopinda," akasema. "Hivyo ndivyo alivyovitaka."

Kesho yake nilipanda basi la kwanza na spoki ya baiskeli mfukoni. Vitundu ishirini na vinne. Nilivizibua nimelala chali ndani ya lile tumbo, udongo unaniangukia machoni, na kila kimoja kilipofunguka spoki ililala upande uleule, hakuna kilichokosea hata unywele. Nikaona mkono wako, shemeji. Nikaona na wa Mwanaidi umekushika kiwiko.

Nikawasha tena. Moshi ulitoka kidogo, muda wa mtu kunywa kikombe, halafu ukashikwa. Sina neno lingine. Moto ukaanza kuzunguka mle ndani, mlio ukabadilika. Nilitoka nje mbio kutazama dohani nikadhani umezimika, maana juu yake hapakuwa na kitu, hewa tu inacheza kama juu ya lami saa saba mchana. Nikaiwekea mkono, kama ulivyosema, kwamba dohani ikiunguza mkono ujue joto limekupita. Nikauacha mkono pale. Sikutaka kuutoa.

Sista Neema hajamaliza kupima wajawazito wa siku hiyo, maji yanachemka. Wa kwanza kuoga alikuwa mama mmoja aliyejifungua alfajiri, mtoto wa kike. Nilisikia maji yanamwagika nyuma ya pazia na yule mama anasema ah, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Sista akaniuliza ubovu ulikuwa nini. Nikasema nyigu, wale wa udongo, walijenga kwenye vitundu. Akaamini. Ndivyo nilivyo, shemeji, siponi.

Arobaini yako ilikuwa nzuri. Hitima ilisomwa, pilau ilitosha, hata watu wa Munisagara walifika. Yule mzee wa kwenu akainuka kuuliza yuko wapi aliyelala njiani. Nilikuwa nimekuja na chupa ya chai iliyojaa maji ya boila lako, kutoka Mikumi, kupita kijiji cha Ulaya, mpaka Kilosa, nikaifungua mbele yake na mvuke ukamwingia kwenye ndevu. Akazifuta, akaomba aonje, na Mnyamwezi kumwomba Msagara si jambo la kila siku. Kisha chupa nikampelekea Mwanaidi. Akatia majani, akanywa mpaka mwisho, akaiosha, akanirudishia. Akasema nikija tena nilete tena.

Watu wanaliita boila la Omari, na kusema kweli sijawazuia kwa nguvu. Ila nakuahidi hivi. Kila Ijumaa nitavipitisha spoki vitundu vyote ishirini na vinne, nikiwa hai, na nikiwa siwezi nitakuwa nimeshamfundisha mtu, na nitamfundisha kwa nini vimelala. Jumamosi hii naandika kwenye tangi kwa rangi nyeupe, FUNDI RAMADHANI. Langu litakaa chini yake kwa herufi ndogo. Haya, za kati. Lala salama, mtani wangu. Mungu akupanulie nafasi, na akikuuliza jambo lolote kuhusu mimi, punguza nusu kabla hujajibu.

Limebaki moja kabla sijafunga bahasha. Ulinizidi miaka sita, na kwa muda wote tuliokaa pamoja hukupata shikamoo yangu hata moja. Nilikuwa nasema mtani haamkiwi, na aliyenichukulia dada ndiyo kabisa. Ulicheka tu ukanipa mkono. Sasa nimepanga chumba Mikumi, mimi ndiye ninayeliwasha kila asubuhi, na nimewaambia wote kwamba hiyo ni mashine nyeti, haitaki mkono mwingine. Ukweli ni kwamba kabla ya kuwasha kiberiti naegemea lile tangi nasema, shikamoo shemeji. Nangoja kidogo. Halafu nawasha.

Jana niliposema "shikamoo" tu, nikasikia nyuma yangu, "Marahaba." Nikageuka. Sista Neema, na beseni la mashuka, naye ni mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, uso umemjaa haya kwa kuwa alidhani namwamkia yeye na hakujua afanye nini. Ningeweza kumwambia. Nikaona afadhali abaki anadhani hivyo. Leo asubuhi nimemkuta amesimama palepale na beseni lake, ananingoja, na mimi nimemwamkia.

Omari