Nati na Koki ya Hewa

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu leo ametimiza kilo moja na gramu mia mbili! Sista alipoitaja namba nikapiga makofi mle mle wodini, nikanyamazishwa. Basi nikapiga kimoyomoyo. Amekuja duniani wiki kumi kabla ya wakati wake, kichwa kinaenea kwenye kiganja changu, lakini kelele anazopiga ni za mtu mzima. Mimi namwita Nati, kwa udogo wake. Mke wangu ananuna – eti mtoto wa kike haitwi jina la vyuma. Jana nimemsikia mwenyewe akimbembeleza: Nati, Nati wangu. Nikajitia sikusikia.

Amelala ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, mirija miwili myembamba puani inamletea oksijeni. Mimi ni mchomeleaji vyuma mwaka wa kumi na saba huu, mitungi ya oksijeni ndiyo jamaa zangu. Nikakagua geji ya kupimia hewa, mpira, koki. Kazi safi. Nikamwambia sista hivyo. Akasema asante sana mkaguzi, sasa nenda kanawe mikono.

Jumatano, 5 Juni

Nimejua kusoma ile skrini iliyo kando ya kisanduku! Namba ya bluu ni oksijeni iliyomo kwenye damu ya mtoto. Sista anataka icheze kati ya tisini na tisini na tano. Nikauliza, kwa nini isiwe mia? Akaitwa kitanda kingine kabla hajajibu. Haya. Kwa akili yangu mimi, mia ndiyo mia. Nani anakataa mia?

Mama mkwe kaleta kofia aliyoifuma mwenyewe. Imemfunika Nati mpaka kidevuni. Tumecheka hadi tukatolewa nje, na mama mkwe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Alhamisi, 6 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi namba ilishuka. Themanini na nane. Themanini na sita. Kengele. Sista alikuwa na mtoto mwingine mkononi, kanipa ishara nisubiri. Mkono ukaenda wenyewe kwenye koki – robo mzunguko, mkono wa fundi. Tisini. Tisini na sita. MIA! Nikampigia simu mke wangu, alikuwa chumba cha pili anakamua maziwa. Nikampigia mama mkwe. Nikawapigia vijana wa karakana: mtoto kapata mia kwa mia, mnasikia? Kengele ikalia tena. Nikadhani mashine nayo inashangilia.

Sista akaja mbio. Akashusha koki kwanza, ndipo akanitazama. Nani kagusa hapa? Mimi. Dakika ngapi? Kama kumi. Hakunifokea – bora angenifokea. Kaniambia twende nje.

Huko nje akanieleza polepole. Mtoto wa umri huu, mishipa ya damu ya nyuma ya jicho bado inatambaa kwenda ukingoni. Inatambaa kwa sababu seli za kule ukingoni zina njaa ya oksijeni, zinaiita. Oksijeni ikizidi, seli zinashiba, zinanyamaza, mishipa inasimama njiani. Baadaye njaa inarudi, seli zinaita kwa fujo, mishipa inaota ovyo ovyo. Mtoto anaweza kupofuka. Na ikipungua mno, seli za ubongo na za utumbo ndizo zinazoumia. Ndiyo maana ya ile tisini mpaka tisini na tano.

Na mimi ni mchomeleaji! Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu, somo la siku ya kwanza ni hilo: oksijeni ikipungua moto unatoa masizi, ikizidi moto unakula chuma. Miaka yote hiyo nawapigia watu kelele, halafu kwa mwanangu mwenyewe nafungulia koki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sista anasema dakika kumi si lazima ziwe zimeharibu kitu. Daktari wa macho atampima Ijumaa ya wiki ijayo. Kabla ya hapo hakuna anayejua.

Jumamosi, 8 Juni

Vijana wameandika 100% kwa chaki kwenye mlango wa karakana, kunipongeza. Nimeifuta kwa mkono wa shati. Wakauliza kulikoni, nikawafokea bure.

Mke wangu bado sijamwambia.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwambia. Kwenye ngazi za hospitali, juani, watu wanapita. Akauliza: kwa hiyo ile simu uliyonipigia unashangilia... ndiyo hiyo? Ndiyo hiyo. Na mimi, akasema, nikaruka kwa furaha nikamwaga maziwa yote! Nikasema pole. Akasema pole yako kaa nayo.

Akapanda wodini kwa Nati, akaniacha ngazini saa mbili nzima. Halafu akaja, akanipa nusu ya chungwa lake. Nimeolewa na kiherehere, kasema, lakini angalau kinaleta ukweli. Ile koki ukiiona, ujue si yako. Nikaapa. Moyo umekuwa mwepesi, ila usiku wa kuamkia Ijumaa sitalala, najijua.

Jumanne, 11 Juni

Siku njema, siku njema kabisa! Daktari amepunguza: hewa ya Nati ilikuwa na oksijeni asilimia thelathini, sasa ishirini na sita. Hii tunayovuta sisi wengine wote ni ishirini na moja tu. Zimebaki ngazi tano.

Na nimewekewa Nati kifuani! Ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Namba ikatulia tisini na nne, haitikisiki. Sista anasema ndivyo ilivyo, watoto hawa wakilala kifuani hupumua kwa utulivu. Nikamwambia basi kifua changu kiandikwe kwenye orodha ya vifaa vya hospitali. Mke wangu akasema kifaa chenyewe kinakoroma.

Ijumaa, 14 Juni

Daktari wa macho ni mama mfupi, hana maneno mengi. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaanza: mimi ndiye niliyefungua koki. Akasema nimesikia, shika kichwa cha mtoto. Nati alilia, mimi nikalia, mke wangu akatuambia wote wawili tunyamaze.

Mishipa inatambaa vizuri! Imefika robo tatu ya njia. Hakuna kilichoota ovyo. Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye taa yake. Lakini akanyanyua kidole: haijafika ukingoni, baba. Nitampima tena baada ya wiki mbili, na tena, mpaka ifike. Hata mara ishirini, nikamwambia, tutakuja!

Nina nundu kubwa kichwani na nina furaha kubwa zaidi.

Jumatatu, 17 Juni

Oksijeni asilimia ishirini na tatu. Kilo moja na nusu. Kafungua macho, kamtazama mama mkwe. Mimi nasema alikuwa ananitazama mimi. Ubishi umekwenda mpaka getini, kwa heshima zote.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika hapa hapa wodini. Wametoa mirija. Nusu saa ya kujaribu: hewa yetu hii, basi. Sista anasema namba ikishuka chini ya themanini na nane ikakaa huko, tutamrudishia, wala si aibu.

Tisini na nne. Tisini na moja. Themanini na tisa. Nilikuwa nimeikalia mikono yangu yote miwili. Sista akaona. Baba, toa mikono, mshike mtoto. Nikasema nimeapa. Uliapia koki, akasema, hukuapia mtoto.

Sasa yuko kifuani kwangu na skrini iko nyuma yangu. Bila mirija ndiyo nimeona – ana pua yangu! Pana vile vile, maskini. Midomo yake ya waridi. Kengele imelia mara moja ikaacha, na sikugeuka.

Nimemuuliza mke wangu, ngapi? Anasema namba niachie mimi, wewe mtazame mtoto. Sijui analia au anacheka. Zimebaki dakika tisa. Mbavu za Nati zinapanda, zinashuka, zinapanda. Pumzi yangu inampiga utosini na yake inanipiga shingoni. Tunavuta hewa moja.