Daftari la Migongo

Bwenini, 14 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, begi limefika salama, na ile mito miwili uliyonilazimisha kubeba imefika pia, ingawa abiria wenzangu walinitazama kama mtu anayehama nchi. Hujambo wewe? Masikio yanasemaje? Na magoti? Naandika barua kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu nilikwambia nina homa, ukanijibu "hongera".

Lile jambo nililokuomba likizoni sasa nalieleza vizuri. Hapa chuoni nimo katika klabu ya programu huria. Tuko kumi na wanne, tunakutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma ya maktaba, chenye meza tatu, feni moja inayolalamika na dirisha lisilofungika. Tunaandika programu za kompyuta kisha tunaziweka wazi: yeyote anaweza kuzichukua, kuzitumia, kuangalia ndani zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kumpa mwenzake. Mwenyekiti wetu tunamwita Kamusi kwa sababu hajawahi kukosa neno. Ametufundisha desturi moja: mtu akikuonyesha kosa katika kazi yako, kabla hujajitetea unasema asante. Siku ya kwanza nilisema asante mara tisa, Mama. Ya kumi nikalia.

Mradi wangu ni daftari lako la migongo. Zile kurasa nilizopiga picha, za kuwakatia nguo watu wenye migongo iliyopinda na mabega yasiyolingana. Fundi ataandika vipimo vya mteja wake, na programu itamchorea karatasi ya kukatia, kwa kuongeza na kupunguza kama unavyofanya wewe. Nakushukuru sana kwa kuniruhusu. Wenzangu wanasema hawajaona kitu kama hicho popote. Mimi nilikuwa nadhani kila mama anajua.

Nisalimie cherehani.

Bintiyo,
Kifungo

*

Dukani, 1 Machi

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Masikio yamebaki ya kuning'inizia hereni tu, na magoti yananitangazia mvua kabla ya redio. Mengine ni mazima, namshukuru Mungu. Wewe je, unakula? Usinijibu "ndiyo Mama", niambie unakula nini.

Nimecheka na hiyo desturi yenu ya asante. Mimi nilifagia nyuzi miaka minne kabla sijakabidhiwa mkasi, na nikikosea nilikuwa nikipigwa rula ya mkononi. Fundi wangu hakunifundisha kitu. Nilimwibia kwa macho huku nimeshika ufagio. Kama angesikia kuna watoto wanaandika kazi yao na kuiacha mlango wazi, angewapeleka hospitali.

Daftari nimekuruhusu kwa ajili ya masomo yako. Waonyeshe walimu, upate alama nzuri, nami nifurahi. Lakini ujue, gauni la kawaida kila fundi wa mtaa huu anashona. Migongo ni mimi peke yangu. Mwalimu mstaafu amekuwa mteja wangu miaka kumi na mmoja kwa sababu koti langu humkaa akiwa amesimama na humkaa akiwa ameketi. Chakula cha mtu hufunikwa, mwanangu.

Nakushukuru kwa kulikumbuka daftari la mama yako. Sikutegemea litakwenda chuo kikuu kabla yangu.

Mamako

*

Bwenini, 20 Aprili

Mama kipenzi,

Shikamoo. Nakula wali, maharage, na wali. Habari za nyumbani? Mimi mzima kabisa, na nina furaha ambayo haikai ndani ya mtu mmoja ndiyo maana naigawa.

Programu imetoka! Tuliiweka mtandaoni Jumamosi iliyopita, Kamusi akatoa hotuba ndefu kuliko kazi yenyewe. Kwa siku nane watu mia mbili na zaidi wamechukua nakala. Mafundi, Mama! Wengine wako nchi ambazo sikuzijua. Mmoja ameandika kwamba kwa mara ya kwanza amemshonea mdogo wake shati asilolazimika kulivuta. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka nimeikariri.

Kuna mmoja tu amelalamika kwamba koti alilokata limepanda mbele na kuning'inia nyuma. Tumepekua mstari kwa mstari, tukalinganisha kila namba na picha za daftari lako, hatuoni kosa. Pengine alimpima mteja vibaya.

Asante, Mama. Sina neno jingine.

Kifungo

*

Dukani, 11 Mei

Kifungo,

Leo mwalimu mstaafu amepita mbele ya duka langu, akanipungia mkono, akavuka kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Baada ya miaka kumi na mmoja. Nikamfuata. Juu ya meza ya yule fundi nimekuta karatasi iliyochapwa: namba zangu. Ongeza nne hapa, punguza tatu pale. Akaniambia kwa heshima zote, "Mama, ni ya bure, hata wewe unaweza kuichukua."

Nilisema masomo. Niliandika kwa mkono wangu: masomo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, sikukiona.

Nimeandika bila salamu na unajua mimi si mtu wa kukosa salamu.

Mama

*

Bwenini, 16 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuomba uipokee hata kama huna hamu ya kujibu.

Barua yako ya Machi niliisoma nimesimama mlangoni. Niliona "nimekuruhusu" nikakimbilia chumba cha klabu. Yaliyofuata sikuyasoma kama barua ya mtu, niliyasoma kama mapambo. Leo nimeyasoma nimekaa. Umesema wazi kabisa. Kosa ni langu na sina wa kugawana naye.

Nilimwendea Kamusi nikataka tuiondoe. Kwa mara ya kwanza hakuhutubia, aliniambia ukweli kwa ufupi: tunaweza kuifuta kwetu, lakini nakala zilizochukuliwa hatuna namna ya kuzirudisha. Ndivyo tulivyoziweka, zisirudi. Maji yamemwagika, Mama, na niliyeshika ndoo ni mimi.

Ukisema tufute kwetu, tutafuta siku hiyohiyo.

Bintiyo

*

Bwenini, 4 Juni

Mama,

Shikamoo. Je, barua yangu ilifika? Magoti yanaendeleaje?

Jana nilishona kifungo cha shati la mwenzangu wa chumba. Akaniuliza nani alinifundisha kuzungusha uzi chini mara tatu.

Bintiyo

*

Dukani, 25 Juni

Mwanangu Kifungo,

Hujambo? Mimi sijambo. Barua zako zote mbili zilifika, na nilikuwa nazo kwenye mfuko wa aproni muda wote, ila mkono haukutaka kuandika. Sasa kaa chini, maana hii nayo si ya kusoma mlangoni.

Wiki tatu zilizopita mwalimu mstaafu alirudi. Amevaa koti la yule fundi wa ng'ambo, mbele limepanda hadi kitovuni, nyuma linafagia. Ana aibu mpaka ya kunitazama. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikampapasa mgongo, nikapima koti lenyewe. Nyuma imezidi inchi moja, mbele imepungua inchi moja. Kila mahali moja. Nikasimama pale nikiwaza, nikainamisha kichwa, nikaiona futikamba shingoni mwangu.

Ile futikamba yangu ncha yake iling'oka mwaka uliozaliwa wewe. Nikaikata kwenye mstari wa moja ili isizidi kufumuka. Tangu siku hiyo haina inchi ya kwanza, inaanzia moja. Nikiandika "ongeza nne", kwa futikamba yangu ni tatu halisi. Sijawahi kulifikiria, kwa kuwa ninapima na kukata kwa futikamba ileile. Wewe umeichezea tangu unatambaa, na mtu hakagui kitu cha kwao. Umenakili kwa uaminifu, na nyinyi wote kumi na wanne mmetafuta kosa kwenye kompyuta wakati liko shingoni kwa mama yako.

Nilicheka, Kifungo. Nilicheka mpaka mwalimu akauliza kama koti ni baya kiasi hicho. Nikajisemea: mlango aliouacha wazi mwanangu, Mungu ameurudishia. Hakuna ajuaye ila mimi. Nikiufunga mdomo, migongo itarudi kwangu yote. Na ilianza kurudi. Leo mmoja, kesho wawili, na kila aliyeingia nilimpokea kwa tabasamu la mtu aliyeshinda kesi. Nakwambia ili ujue mama yako ni mtu wa namna gani.

Wiki hii ameingia mama mmoja na binti yake wa miaka kama kumi na miwili. Gauni la njano, kitambaa binti alikichagua mwenyewe, limekatwa kwa karatasi yenu. Nguo kubwa hupunguzwa, lakini mbele iliyokwisha kukatwa fupi hairudi, na kitambaa chote kilikuwa kimeisha. Muda wote aliosimama hapa, yule mtoto alilivuta gauni chini kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza polepole, nikamwambia arudie karibu na sikio. Akasema, "Bibi, mgongo wangu umezidi kupinda?"

Nilimjibu haukuzidi. Nikamwambia ni hesabu yangu iliyokosewa, si mwili wake. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha futikamba na kumwacha ahesabu mwenyewe.

Nimemshonea jingine. Sasa chukua kalamu: kila palipoandikwa ongeza, toa moja. Kila palipoandikwa punguza, toa moja vilevile. Fanya leo, na uwatangazie wote waliochukua. Huko kwingine nako kuna watoto wanaovuta nguo chini, na hawana wa kumuuliza.

Usifute kitu.

Mamako

*

Bwenini, 1 Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Hujambo?

Barua ilifika juzi saa nne asubuhi, nikaisoma nimekaa, saa tano nilikuwa chumba cha klabu. Niliwasomea wenzangu sehemu ya futikamba. Kamusi alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Kisha tukasahihisha, wawili wakihesabu na mmoja akikagua, na kabla ya saa nane tangazo lilikuwa limewafikia watu wote. Yule fundi aliyelalamika mwanzoni tulimwomba radhi. Amekata koti jingine, akajibu neno moja: "Limekaa."

Tumeweka sharti jipya katika klabu. Kazi ikitoka kwa mtu, mwanachama aende akamsomee leseni yote, yaani masharti ya nani ataichukua kazi hiyo na kuifanyia nini, kwa lugha anayoielewa, asubiri jibu, na akikataa basi. Kamusi ameliandika ukutani. Hakulitaja jina langu, nami nilimshukuru kwa hilo.

Mama, nimeelewa jambo moja na linanitoa machozi ninapoandika. Nilikunyang'anya kitu bila kukuuliza, kisha kikarudi mkononi mwako chenyewe. Ulikuwa na kila haki ya kunyamaza. Sasa kila fundi aliyekipata, amekipata kwa kupewa na wewe. Asante. Nikipata neno kubwa kuliko hilo nitakuletea.

Hatutagusa ukurasa mwingine wowote wa kwako. Tunaishia hapa, na hapa panatosha.

Kifungo wako

*

Dukani, 22 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti yanadai mvua lakini siku hizi siyaamini.

Fundi wa ng'ambo ya barabara sasa anavuka kila alasiri baada ya kazi. Anataka kujua ninavyopapasa bega kabla ya kupima, maana karatasi hailisemi hilo. Anabisha sana, ana mkono mzuri. Mwalimu mstaafu anasema tumegeuka baraza. Kumbe nilikuwa nimechoka kuijua kazi hii peke yangu, na sikujua kama huo ni uchovu. Kwa hilo nakushukuru, na sitarudia kusema, kwa hiyo itunze barua hii.

Sasa sikiliza. Fundi wangu, yule wa rula, alijua kukata koti la mtu mwenye mkono mmoja, koti ambalo mwenyewe hulivaa na kulifunga bila kumwita mtu. Alipokuwa akilikata alivuta pazia. Miaka minne nilifagia mbele ya pazia lile. Alipokufa tulimzika na ujuzi huo, na watu waliokuwa wakivaa makoti yale wakarudi kufungwa vifungo na wake zao na watoto wao. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Imenichukua miaka kumi na tisa kulitafuta tena, kwa kukata na kuharibu, na karibu nimelipata.

Nimeliandika, Kifungo. Liko daftari la pili, la mikono. Ulipokuja likizo nililificha chini ya vitambaa vya bitana, nikakuonyesha la migongo tu. Nisamehe kwa hilo. Limo ndani ya kifurushi hiki, lenyewe, si picha. Vipimo nimevipima vyote upya. Huyo mwanachama wa kunisomea leseni msimtume, nimeshaelewa: yeyote achukue.

Ukurasa wa mwisho sijaumaliza. Kola inanishinda, haikubali kulala upande usio na mkono. Usiuondoe ukurasa huo na usiupambe. Uweke hivyohivyo ulivyo, na uandike chini yake kwamba mimi sijui, pengine yuko fundi mahali anayejua.

Mamako